Maji Magumu, Maneno Laini

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii nimewasomesha wanafunzi wangu kwa zaidi ya miaka kumi na mitano, nikaipima mizani yake na kueleza jinsi nusu yake ya kwanza inavyosigana na ya pili. Hata hivyo, Jumamosi moja asubuhi methali yenyewe ilinibishia hodi mlangoni. Nikaikaribisha ndani, nikaipa chai, na mwishowe nikaitilia saini.

Naishi Mombasa, upande wa bara ya kaskazini, si mbali na Bamburi. Maji ya mfereji kwetu huja kwa zamu, basi aghalabu hutegemea kisima. Chini ya nyumba zetu pana mwamba wa matumbawe, jiwe lile lile lililoanza kuchomwa kuwa saruji pale Bamburi mwaka wa 1954. Mvua hupenya katika jiwe hilo, ikayeyusha kalsiamu yake kidogo kidogo, na ndiyo sababu maji ya visima vyetu ni magumu: sabuni hususia kutoa povu, na birika hushika ukoko mweupe. Kwa hiyo kijana aliyesimama mlangoni pangu, tai shingoni na mkoba mkononi, aliponiambia kwamba maji yangu ni magumu, hakusema uongo. Hapo ndipo penye hatari. Uongo usio na chembe ya ukweli haufiki mbali, lakini uliopandikizwa juu ya shina la kweli huota na kustawi.

Alinisalimu kwa adabu zote. Alisema kwamba yeye hauzi kitu, anafanya utafiti tu wa maji ya mtaa. Alipoona vitabu rafuni alianza kuniita Daktari. Akaomba gilasi ya maji ya bomba langu, akaiweka kando ya gilasi ya maji aliyoyatoa mkobani, akidai kuwa yamepitia katika mtambo wa kulainisha maji. Akatumbukiza vijiti vya chuma vyenye waya wa umeme katika gilasi zote mbili. Baada ya dakika chache maji yangu yaligeuka rangi ya kutu, yakafanya mapovu machafu, ilhali yake yalibaki maangavu kama macho ya mtoto. Akanitazama kwa huzuni, akauliza, “Daktari, haya ndiyo wanayokunywa watoto?”

Tangu hapo sikusikiliza tena kama mwanaisimu. Nilisikiliza kama baba mwenye hofu. Ni baadaye tu, nilipokaa peke yangu na aibu yangu, ndipo nilipoyarejea maneno yake na kuona ufundi uliokuwamo.

Kwanza, hakutumia kamwe kiambishi -ki- cha sharti. Hakusema “ukiununua mtambo.” Alisema “utakapoufunga mtambo.” Mwanafunzi wa sekondari anajua tofauti iliyopo: -ki- huacha mlango wazi, jambo laweza kuwa au lisiwe, -po- huchukulia kwamba jambo litakuwa, lililobaki ni wakati tu. Pili, alinificha watendaji kwa kauli ya kutendwa. “Imethibitishwa kwamba maji haya hudhuru figo.” “Inapendekezwa kila nyumba iwe nao.” Imethibitishwa na nani? Inapendekezwa na nani? Sikuuliza. Tatu, alianza kwa “mimi” na “wewe”, na chai ilipokwisha tayari tulikuwa “sisi”. Kiswahili hakitofautishi “sisi” inayomhusisha msikilizaji na “sisi” inayomwacha nje. Aliposema “tutalipa kidogo kidogo” nilijiona nina mshirika, kumbe mlipaji ni mimi pekee. Nne, hakuniuliza kama nataka mtambo. Aliniuliza kama fundi aje Jumatatu au Jumatano. Nikajibu Jumatano, nikajiona nimechagua.

Mwisho lilikuja lile neno dogo kuliko yote: “tu”. Shilingi 3,200 tu kwa mwezi, kwa miezi 36, na bei hiyo ni ya leo tu. Mtu yeyote aliyekaa na kalamu angepata shilingi 115,200. Mimi nilikaa na kalamu, lakini niliitumia kutia saini. Kisha nikamtumia arbuni kwa simu. Neno “arbuni” na kitenzi “rubuni” yanakaribiana kwa sauti. Siku ile yalikaribiana na kwa maana.

Mke wangu aliporudi kutoka sokoni aliisoma karatasi mara mbili, akaniuliza kwa upole, “Baba Salma, umenunua maji au umenunua maneno?”

Jumatatu nilimweleza kisa changu mwenzangu wa idara ya kemia. Alicheka hata akatoa miwani. “Ile kutu,” aliniambia, “ni ya vijiti vyake, si ya maji yako.” Umeme hupita kwa urahisi katika maji yenye madini, na unapopita huila chuma. Maji yasiyo na madini, kama yale ya betri, hayapitishi umeme vyema, basi hubaki maangavu. Kisha akanieleza jambo lililonifedhehesha zaidi. Mtambo wa kulainisha maji hauondoi chumvi zote. Ndani yake mna chembechembe zinazonasa kalsiamu na magnesiamu na kutoa sodiamu mahali pake. Maji yanayotoka humo bado hupitisha umeme, na kwa jaribio lile lile yangefanya kutu vile vile. Gilasi ile angavu, basi, haikuwa na maji ya mtambo aliokuwa akiniuzia.

Na madhara ya figo je? Shirika la Afya Duniani halijaweka kiwango chochote cha ugumu wa maji kwa sababu za kiafya. Maji magumu huudhi: hula sabuni na kuziba mabomba ya kupashia maji moto. Mwenye hoteli ana sababu nzuri ya kununua mtambo huo. Lakini mtambo wenyewe hauui vijidudu vya kipindupindu. Bado utachemsha maji yako au kuyatia klorini. Wala hauondoi floridi, ile inayotia meno rangi ya kahawia katika sehemu nyingi za Bonde la Ufa. Anayemuuzia mtu wa Nakuru mtambo wa kulainisha maji kwa ajili ya meno ya wanawe anamuuzia dawa ya macho kwa maumivu ya mguu.

Nashukuru kwamba sheria ilinitangulia. Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata habari zinazohitajika ili anufaike na anachonunua. Nayo Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya mwaka 2012 inamruhusu mtu aliyeingia katika mkataba nje ya duka la muuzaji, kwa mfano nyumbani kwake, kuuvunja bila ya kutoa sababu yoyote, mradi afanye hivyo kabla ya kupita siku kumi tangu apokee nakala ya maandishi. Niliandika barua siku ya sita. Niliambiwa kuwa arbuni hairudishwi. Niliandika tena, nikiitaja sheria, na baada ya majuma matatu fedha zangu zilirudi. Nchini Kanada, jimbo la Ontario liliona hata siku kumi hazitoshi. Tangu Machi 2018 limepiga marufuku kabisa mikataba ya mitambo ya aina hii inayofungwa mlangoni bila ya mwenye nyumba kumwita muuzaji.

Kisa changu kingeishia hapo kama kijana yule asingenipigia simu. Sauti yake haikuwa tena ya mkobani. Aliniambia kuwa halipwi mshahara, hulipwa kwa kila saini, na saini yangu ilipofutwa ujira wake ulifutwa nayo. Ana shahada ya ualimu, somo lake ni Kiswahili na historia, na amengoja ajira kwa miaka minne. “Maneno yale tulikaririshwa, Mwalimu,” alisema. Safari hii hakuniita Daktari. Sikujua la kumjibu. Yule niliyemdhani adui alikuwa zao la shamba letu wenyewe, na -po- ile aliyonipiga nayo huenda aliichukua katika darasa lililofanana na langu.

Kwa sababu hiyo sitaki methali niliyoanza nayo itumiwe kumtukana kila anayetembeza bidhaa. Mama wa vitumbua hupita mlangoni pangu kila alfajiri. Nikimwambia “leo sina”, hunitakia siku njema akaenda zake, na kesho yake hurudi. Mchuuzi wa kweli huliheshimu neno “sina”. Kinachotofautisha biashara na shinikizo ni uhuru wa mnunuzi wa kukataa, si miguu ya muuzaji.

Nasi walimu ndio tunaowindwa zaidi. Wauzaji hawa hutufuata hadi majilisi wakati wa mapumziko, kwa kuwa wanajua tuna hati ya mshahara inayoweza kukatwa mwezi baada ya mwezi. Nawasihi wenzangu mambo mawili. La kwanza, mkaribisheni mgeni, mpeni maji na kiti, lakini karatasi yake ilale usiku mmoja mezani kabla ya kalamu kuigusa. Bei inayokufa jioni haikuwa na uhai asubuhi. La pili, siku mtakapofundisha kauli ya kutendwa, msiishie kwenye “mpira ulipigwa na Juma”. Andikeni ubaoni “imethibitishwa kwamba”, kisha mwaulize wanafunzi: na nani?

Swali hilo lina maneno mawili. Ningelikumbuka Jumamosi ile, chai ingenyweka kwa amani.