Kuchagua Kerneli ya Linux: Toleo Tulivu au Toleo Jipya?

Mwalimu anayekabidhiwa chumba cha kompyuta hukabidhiwa pia wajibu wa kuamua. Kompyuta zikigoma asubuhi ya somo, watoto hubaki wameketi mbele ya vioo vyeusi, na kipindi kilichopotea hakirudi. Kwa hiyo yatupasa kulielewa jambo ambalo mara nyingi huachiwa mafundi: kuchagua toleo la kerneli.

Kerneli ni kiini cha mfumo unaoendesha kompyuta. Ndiyo inayogawa kumbukumbu na muda wa prosesa baina ya programu, na ndiyo inayowasiliana na kibodi, diski na printa. Kerneli ya Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi wa chuo kikuu mjini Helsinki, Ufini.

Hapo zamani namba ilitosha kumwongoza mtumiaji. Namba ya pili ikiwa shufwa, kama katika 2.4, toleo lilikuwa la matumizi ya kawaida. Ikiwa witiri, kama katika 2.5, lilikuwa la majaribio. Utaratibu huo uliachwa baada ya toleo 2.6 kutoka mwishoni mwa mwaka 2003. Siku hizi toleo jipya hutoka kila baada ya majuma tisa au kumi hivi. Mengi hutunzwa kwa miezi michache tu. Machache huteuliwa kutunzwa kwa miaka miwili au zaidi. Kwa mfano, 6.11 lilitoka Septemba 2024, na matunzo yake yakakoma Desemba mwaka huo huo. Lakini 6.12, lililotoka Novemba 2024, liliteuliwa kutunzwa kwa muda mrefu.

Ikumbukwe kwamba "tulivu" si sawa na "kuukuu". Toleo tulivu halipewi mambo mapya, lakini huendelea kusahihishwa makosa na kuzibwa mianya ya usalama, na kila mara namba ya tatu huongezeka: 6.12.1, kisha 6.12.2. Toleo lisilotunzwa tena, kama 4.14 lililokoma Januari 2024, halina wa kuliziba. Nasi twajua kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta.

Basi, kabla ya kuchagua, mwalimu ajiulize maswali matatu:

(a) Je, vifaa vyote vinafanya kazi? Kama ndiyo, abaki na toleo tulivu. Kama kompyuta ni mpya mno hata kerneli haitambui kadi yake ya mtandao, hapo toleo jipya lina sababu.

(b) Je, toleo hilo lingali likitunzwa? Amri ya uname -r huonyesha namba ya toleo linalotumika.

(c) Je, ipo njia ya kurudi nyuma? Toleo jipya lijaribiwe kwanza katika kompyuta moja, na lile la awali lisifutwe, ili liweze kuchaguliwa wakati wa kuwasha endapo jipya litashindwa.

Katika kufundisha, usianze na namba. Waulize wanafunzi kwanza: fundi akileta kufuli jipya, je, twatupa la zamani kabla ya kulijaribu jipya? Waache wajadiliane na kutoa sababu. Wakishaipata kanuni kwa akili zao wenyewe, namba hazitawatisha. Nao watatambua kwamba upya peke yake si sababu ya kubadili, wala mazoea peke yake si sababu ya kubaki.