TV inaandika "No Signal"? Usikimbilie kununua waya mwingine

Video ya send-off iko kwenye kompyuta mpakato, ndugu wamejaa sebuleni Muleba, waya wa HDMI umeshachomekwa, halafu TV inaleta "No Signal". Hapo ndipo mtu anatumwa Bukoba mjini kufuata waya mpya, wakati mara nyingi huu wa zamani hauna kosa lolote.

Angalia nyuma ya TV. Matundu ya HDMI yana namba, na nyumba nyingi king'amuzi ndicho kimekalia HDMI 1. Kama wewe umechomeka HDMI 2, bonyeza Source au Input kwenye rimoti, uchague HDMI 2. Wengi wanakwama hapo tu.

Bado giza? Kwenye Windows bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi P, chagua Duplicate. Sauti nayo inapita waya huohuo, ila kompyuta inaweza kung'ang'ania spika zake. Bofya alama ya spika chini kulia, uchague jina la TV.

Shughuli ipo kwa kompyuta za zamani zenye VGA, lile tundu pana lenye vishimo 15. VGA inapitisha picha tu, sauti haina, hivyo tafuta adapta yenye kiwaya cha sauti pembeni. Na hapa ndipo watu wanapigwa: adapta hizi zinafanya kazi upande mmoja. Mwambie muuzaji unataka ya kutoka VGA kwenda HDMI. Ile ya kinyume inafanana nayo sana, ila ukifika nayo nyumbani ni pambo. Nenda na kompyuta yako dukani, ijaribiwe kabla hujalipa.

Sasa radi. Ukanda wa Ziwa Victoria ni kati ya maeneo yanayopigwa radi nyingi zaidi duniani, na sisi wa Kagera tunaijua. Umeme wake unaweza kuingia kwa waya wa dishi, ukapita king'amuzi na TV, ukafika hadi kwenye kompyuta kupitia HDMI. Kuzima kwa rimoti hakuzuii. Ukiona wingu linajikusanya ziwani, chomoa HDMI, waya wa dishi na plagi za ukutani mapema. Ngurumo zikishafika, usiguse waya wowote. Bibi harusi ataonekana mvua ikipita.