Je, Wajua? Maji na Maumivu ya Kiuno

Je, wajua kwamba mtu mwenye kilo 70 akisimama kwenye maji yanayofika kitovuni, miguu yake hubeba takriban nusu tu ya uzito huo? Yakifika kifuani inabaki kama theluthi, na yakifika shingoni ni kilo 7 hivi. Kiuno chenyewe hupata nafuu kubwa maji yanapopanda hadi kifuani, kwa kuwa hapo kiwiliwili nacho kimebebwa. Kwa mama wa Lemara, hapa Arusha, aliyezoea kujitwisha ndoo ya lita 20, yaani kilo 20 juu ya uti wa mgongo, huo ni unafuu mkubwa.

Maji hayabebi tu, hukinza pia. Ukiongeza kasi ya mguu mara mbili, ukinzani huongezeka mara nne. Kwa hiyo mgonjwa mwenyewe ndiye anayeamua zoezi liwe zito kiasi gani, na akiacha kusogea, mzigo unaisha papo hapo.

Mwaka 2022 watafiti wa Shanghai, China, walichapisha matokeo ya watu 113 wenye maumivu sugu ya kiuno. Kundi moja lilifanya mazoezi ndani ya maji kwa saa moja, mara mbili kwa wiki, kwa miezi 3. Kundi la pili lilitibiwa kwa joto na umeme mdogo. Waliofanya mazoezi majini walipata nafuu zaidi, na mwaka mmoja baadaye tofauti hiyo ilikuwa bado ipo.

Mwenye kutaka maji ya vuguvugu hana haja ya kwenda mbali na Arusha. Chemchemi ya Chemka iko upande wa Boma Ng'ombe, wilayani Hai, chini ya mitini mikubwa. Kule Kitagata, magharibi mwa Uganda, watu huoga maji ya moto kutafuta nafuu ya viungo. Chemchemi moja ilikuwa ya Omugabe, mfalme wa Ankole. Nyingine wameiita Mulago, jina la hospitali kuu ya Kampala! Joto hulegeza misuli kweli, sawa na chupa ya maji ya moto kiunoni, lakini nafuu hiyo ni ya muda. Inayodumu hutokana na mazoezi. Na maumivu ya kiuno yakiambatana na ganzi sehemu za siri, miguu kuishiwa nguvu au mkojo kushindwa kuzuilika, usiende kuogelea: nenda hospitali siku hiyohiyo.

Sasa upande wa pili, yaani maji ya kunywa, ambao sisi tunaoishi chini ya Mlima Meru tunapaswa kuujali zaidi. Maji yanayopita kwenye miamba ya volkano hubeba madini ya floraidi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, ilhali Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu hadi 4, kwa sababu vyanzo vingi havikuweza kufikia kiwango cha chini. Meno ya kahawia ya vijana wengi wa Arumeru kila mtu anayaona. Kinachoonekana kwa nadra ni mifupa: floraidi nyingi ikinywewa kwa miaka mingi hukaza kano na viungo vya uti wa mgongo, mpaka mtu anashindwa kuinama. Maumivu yatokanayo na hali hiyo hayatibiwi kwa kuogelea. Magadi yanayotiwa kwenye maharage ili yaive upesi nayo huweza kuongeza floraidi mwilini.

Huko Ngurdoto, Arumeru, kuna kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi, na njia mojawapo iliyofanyiwa kazi hapo ni kuchuja maji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Kuyachemsha hakusaidii. Maji hupungua kwa mvuke, floraidi inabaki sufuriani, na kila lita iliyobaki inakuwa nayo nyingi zaidi.