Ziara ya shule: Mzazi, umefunga nini mkobani?

Mzazi wa Nyeri au Karatina, huenda barua ikaletwa nyumbani: watoto wa Gredi ya Kwanza wanazuru Nanyuki. Wataonyeshwa ikweta, kisha waende kituo cha wanyama yatima chini ya Mlima Kenya wakashike kobe. Ziara kama hii humfunza mtoto mengi ambayo ubao hauwezi. Mruhusu aende, ila kagua mkoba wake.

Wali uliopikwa alfajiri na kufungwa ungali moto utaliwa saa saba mchana. Shirika la Afya Duniani lashauri chakula kilichopikwa kisikae nje ya jokofu zaidi ya saa 2. Baadhi ya bakteria wa wali hawafi kwa kuchemshwa, na sumu yao haiondoki hata ukiupasha moto tena. Baridi ya Nyeri isikudanganye. Ndani ya basi kuna joto. Afadhali mkate, ndizi na chungwa lisilomenywa.

Naye kobe, hata akionekana mzima, huweza kubeba viini vya salmonela viletavyo homa na kuhara. Mtoto wa miaka sita hulamba vidole bila kufikiri. Muulize mwalimu nani atabeba jerikeni la maji na sabuni.