Rembrandt wa Wastani

Aprili 2016, mjini Amsterdam, ilizinduliwa picha ya mwanamume mwenye ndevu, kofia nyeusi na ukosi mweupe, uso wake ukimulikwa upande mmoja kama Rembrandt alivyozoea kuchora. Hakuna mkono wa mtu ulioipaka rangi. Kompyuta zilichambua picha 346 za mchoraji huyo aliyefariki mwaka 1669, zikapima nafasi kati ya macho na pua, kisha printa ikapanga wino tabaka 13 ili uso wa picha uwe na vinundu kama vya rangi ya mafuta. Leo kazi hiyo haihitaji kikosi cha wataalamu. Programu ya akili mnemba iliyolishwa picha chungu nzima pamoja na maelezo yake huandikiwa sentensi moja, nayo hutoa "Rembrandt" au "Van Gogh" kabla chai haijapoa. Kwamba mashine inaweza kuiga, hilo halina ubishi tena. Linalofaa kuulizwa ni kile inachokiiga.

Jibu limo katika namna yule mwanamume alivyopatikana. Waandaaji wa picha ile walitafuta watu ambao Rembrandt aliwachora zaidi, hesabu ikawapa mwanamume Mzungu wa miaka 30 hadi 40, mwenye ndevu, nguo nyeusi na kofia, anayetazama kulia. Walichukua kilichojirudia. Lakini Rembrandt hakuwa yuleyule maisha yake yote. Katika picha ya somo la anatomia la Daktari Tulp, ya 1632, rangi ni laini na imesawazishwa. Katika ile iitwayo Bibi Harusi wa Kiyahudi, ya miaka ya 1660, imerundikwa kwenye mkono wa vazi kama lipu ukutani. Kati ya picha hizo mbili alimzika mkewe, akafilisika mwaka 1656, na hakuacha kujaribu. Mtindo wake ulikuwa safari. Mashine huziokota nyayo zote kwa pamoja na kutuonyesha mtu aliyesimama mahali ambapo mwenye nyayo hakuwahi kusimama. Programu za sasa hazitafuti wastani kwa hesabu nyepesi hivyo, ila nazo huvutwa na kilichozoeleka: ukitaja jina la mchoraji, hukupa kwanza kile ambacho kila mtu anakijua.

Wapo watakaosema kwamba binadamu naye huiga, na hoja yao ina uzito. Wanafunzi wa Rembrandt walijifunza kwa kunakili, na picha ya mtu mwenye kofia ya dhahabu iliyoko Berlin ilihesabiwa kuwa yake kwa miaka mingi, hadi wachunguzi walipobaini kuwa ni ya mchoraji mwingine wa karibu naye. Hata mtindo wa uchoraji wa Tingatinga umeishi kwa kuigwa: Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, akafariki 1972, na walioendeleza mtindo ni jamaa na wanafunzi wake. Tazama basi kilichofuata. Yeye aghalabu alimweka mnyama katikati ya kibao. Warithi wake wakajaza vibao vijiji, masoko na hospitali. Kwao kuiga kulikuwa mlango wa kuingilia, wakaupita kwa sababu walikuwa na mambo yao ya kusema. Programu haina la kwake la kusema. Likiwapo, limetoka kwa anayeitumia.

Wengine watauliza: ikiwa picha inapendeza, kuna hasara gani? Kwa mwalimu asiyeweza kuwapeleka wanafunzi Amsterdam, chombo hiki kina faida, mradi picha iitwe kwa jina lake halisi, yaani mfano uliotengenezwa, na iwekwe kando ya ile ya asili ili tofauti ionekane. Hasara huanza pale mwigo unapokuwa ndio Rembrandt pekee tunayemjua. Picha 346 zinatosha kuifundisha mashine itengeneze ya 347. Rembrandt mwenyewe, lau angeishi mwaka mmoja zaidi, pengine angechora kitu ambacho hakuna hata moja kati ya hizo ingeweza kukitabiri.