Kasese na Bwera: Kulipa deni la nyumbani wakati dharura haziishi

Familia nyingi za Kasese na Bwera hazishindwi kulipa madeni kwa sababu ya uzembe. Hushindwa kwa sababu malipo hupangwa kana kwamba mwezi ujao utafanana na huu. Kisha mtoto anashikwa na malaria, upepo unang'oa mabati, au habari ya msiba inafika kutoka milimani, na fedha iliyokuwa imetengewa mkopeshaji inatoweka kwa siku moja.

Katika wilaya hii mambo ya ghafla si ya nadra. Mto Nyamwamba ulifurika mwezi Mei 2013, ukavamia Kilembe na mji wa Kasese. Tarehe 7 Mei 2020 ulifurika tena, pamoja na mito ya Mubuku, Nyamugasani na Lhubiriha, na Hospitali ya Kilembe ikaharibiwa vibaya. Mafuriko hayo yalikuja wiki chache tu baada ya serikali kufunga mipaka kwa sababu ya korona, hatua iliyowakatia riziki wachuuzi wa soko la Mpondwe wanaotegemea wateja kutoka Kongo. Mwenye nyumba iliyosombwa alibaki na mkopo wa mabati ambayo hayapo tena.

Madeni hayalingani uzito

Jambo la kwanza ni kuyaandika madeni yote mahali pamoja, mume na mke wakiwa wameketi pamoja. Kila deni liandikwe na riba yake kwa mwezi, kwa maana ukubwa wa deni si kipimo cha uzito wake. Chukua mfano wa familia inayodaiwa shilingi 1,000,000 na chama cha akiba na mikopo kwa riba ya asilimia 2 kwa mwezi, na shilingi 500,000 na mkopeshaji binafsi kwa asilimia 10. Deni la chama linadai riba ya shilingi 20,000 mwezi wa kwanza. La mkopeshaji, ingawa ni nusu yake, linadai 50,000. Wengi huhangaika kwanza na lile kubwa kwa sababu linatisha, ilhali dogo ndilo linalowakausha.

Tangu 2016 Uganda ina sheria inayowasimamia wakopeshaji hao, na mamlaka maalumu ya kuwapa leseni. Mwaka 2024 Wizara ya Fedha iliweka kikomo cha riba yao kuwa asilimia 2.8 kwa mwezi, yaani 33.6 kwa mwaka. Kwa kikomo hicho, mkopo wa 500,000 ungedai riba ya shilingi 14,000 tu kwa mwezi. Tatizo ni kwamba ofisi za mamlaka ziko mbali na Bwera, na mtu anayekopa saa nne za usiku akiwa na mgonjwa mgongoni haulizi leseni.

Deni lisiloitwa deni

Lipo deni jingine ambalo halimo katika daftari la mtu yeyote, nalo ni kuuza kahawa ikiwa bado maua. Mkulima wa milimani anapewa fedha leo, na mnunuzi anakuja kuchukua mavuno yakiiva. Tuseme shamba ambalo mavuno yake yangeleta shilingi 600,000 linauzwa likiwa maua kwa 300,000. Kutoka ua hadi kahawa iliyoiva ni kama miezi minane. Mkulima huyo amelipa riba ya asilimia 100 kwa muda huo, zaidi ya asilimia 12 kwa mwezi, pasipo neno riba kutamkwa. Ni kosa kuliita jambo hili biashara ya kawaida. Katika orodha ya madeni ya nyumba linastahili kuandikwa juu kabisa.

Je, inafaa kuweka akiba mtu akiwa na deni?

Hesabu ya karatasi inasema hapana: kila shilingi iende kwenye deni lenye riba kubwa. Shilingi 120,000 iliyolala ndani huku mkopeshaji akitoza asilimia 10 inamgharimu mwenye nyumba 12,000 kila mwezi. Hiyo ni gharama ya kweli.

Lakini hesabu hiyo inadhani kwamba dharura ikija, mtu atarudi kukopa kwa masharti yaleyale. Haiwi hivyo. Aliyemaliza fedha yote kwa mkopeshaji siku ya Jumatatu, mtoto akaugua Jumatano, huuza mbuzi kwa bei ya kutupa, au huuza maua ya kahawa, au huweka kipande cha shamba rehani. Hasara ya siku hiyo moja huweza kuzidi riba ya mwaka mzima. Kwa hiyo akiba ndogo inayotosha safari moja ya hospitali na ukarabati mdogo wa paa ni nafuu kuliko inavyoonekana. Ikishafika kiasi hicho, kila kinachozidi kiende kwenye deni zito. Akiba kubwa zaidi ya hapo, kwa mtu anayetozwa asilimia 10, ni kujipunja.

Wapo watakaosema kwamba anayekula kwa kazi ya siku hana cha kubakiza. Ni kweli kwa wengine. Kwao, kimbilio lililo karibu ni sanduku la kikundi.

Sanduku na matumizi yake

Vikundi vya kuweka na kukopa, ambavyo mfumo wake ulianzia Niger mwaka 1991 kwa msaada wa shirika la CARE, vina sanduku la kufuli tatu na funguo zilizo mikononi mwa watu tofauti. Wanachama hununua hisa kila mkutano na kugawana fedha mwisho wa mzunguko, na riba inayolipwa hubaki kwao wenyewe. Mbali na mfuko wa mikopo, vikundi vingi vina mfuko wa jamii kwa ajili ya ugonjwa na msiba, ambao hutoa msaada au mkopo usio na riba. Wanachama wengi huusahau mfuko huo, wakakopa kwa riba jambo ambalo wangeweza kupewa bure.

Kukopa kikundini ili kummaliza mkopeshaji wa asilimia 10 ni uamuzi wenye akili. Kuwa katika vikundi vitatu na kukopa cha kwanza ili kulipa cha pili si malipo, ni kulihamisha deni.

Fedha za Mpango wa Maendeleo ya Parishi zina tahadhari yake. Kaya hupewa mkopo wa hadi shilingi 1,000,000 kwa riba ya asilimia 6 kwa mwaka, nafuu kuliko mikopo mingine mingi. Lakini zimetolewa kwa ajili ya uzalishaji. Zikienda kwenye mabati au ada za shule, kuku au migomba iliyotarajiwa kulipa mkopo haitakuwapo.

Karatasi za kuchunga

Ikiwa dharura imekwisha kuila fedha ya rejesho, mkopaji amwendee mkopeshaji kabla ya tarehe, akiwa na kiasi chochote mkononi, aombe muda mpya kwa maandishi. Anayekimbia humpa mwenzake sababu ya kuigusa dhamana.

Na dhamana ndipo penye hatari kubwa. Sheria inamkataza mkopeshaji kushika kitambulisho cha taifa, pasipoti au kadi ya benki. Ardhi ambayo familia inaishi na kulima haiwezi kuwekwa rehani bila idhini ya mwenzi wa ndoa. Hila inayotumika sana ni mkopaji kutiwa saini kwenye mkataba wa mauzo ya shamba badala ya mkataba wa mkopo, kwa maneno kwamba ni utaratibu tu. Siku ya kushindwa kulipa, karatasi inasema shamba liliuzwa. Asiyesoma Kiingereza aombe asomewe mbele ya shahidi wake mwenyewe kabla ya kutia kidole.

Deni likiisha, mkopaji adai stakabadhi ya malipo ya mwisho, arudishiwe mkataba wa asili na kila hati aliyoacha, na mwenyekiti wa kijiji atie saini kwamba ameshuhudia.