Jina Moja, Maumbo Mengi

Neno polimofizimu limetoka katika Kigiriki, na maana yake ni kuwa na maumbo mengi. Waandishi wa programu za kompyuta hulitumia kwa amri moja inayotekelezwa kwa namna tofauti kulingana na kinachoipokea: amri ya kuchora ikifika kwa duara huchorwa duara, ikifika kwa mraba huchorwa mraba. Huko maumbo hayo hupangwa na fundi mwenyewe. Katika dawa na katika mwili wa mgonjwa hujitokeza bila kupangwa na mtu.

Mwaka 1998 kiwandani ilizuka aina mpya ya fuwele za ritonaviri, dawa ya kufubaza VVU. Molekuli zilikuwa zilezile. Mpangilio wake ndio uliobadilika. Fuwele hizo mpya hazikuyeyuka vizuri, kapsuli zikashindwa vipimo na kuondolewa sokoni. Wagonjwa walibaki na dawa ya maji, ambayo ladha yake iliwashinda wengi, hadi kapsuli za aina nyingine zilipopatikana mwaka 1999.

Kwa wanajenetiki, polimofizimu ni tofauti za jeni zilizoenea katika jamii. Jeni ya CYP2B6 huelekeza utengenezaji wa kimeng'enya cha ini kinachovunjavunja efavirenzi. Aliyerithi kutoka kwa wazazi wote wawili umbo linalofanya kazi polepole, jambo lisilo nadra barani Afrika, hubaki na dawa nyingi katika damu ingawa amemeza miligramu 600 kama wenzake. Kizunguzungu na ndoto za kutisha alizozisimulia kliniki zilikuwa na chanzo chake, hata pale alipodhaniwa kuwa anatafuta kisingizio cha kuacha dawa.

Efavirenzi sasa imepisha dolutegraviri katika nchi nyingi, lakini isoniazidi bado inatumika kutibu na kuzuia kifua kikuu. Nayo huvunjwa upesi kwa baadhi ya watu na polepole kwa wengine, kutegemea jeni ya NAT2. Wa kundi la pili wamo katika hatari kubwa zaidi ya kuathirika neva. Mgonjwa anayesema nyayo zinamwaka moto au zimekufa ganzi aandikwe hivyo katika faili, achunguzwe, na iangaliwe kama anapewa vitamini B6. Mgonjwa naye aseme mapema, kabla hajaamua peke yake kuviacha vidonge nyumbani.